Unga wa Mazoezi kwa Aliyepunguzwa Tumbo

Ndugu zetu waliozidiwa na unene hata wakapasuliwa tumbo, wengi wao hupata nafuu kubwa: sukari hushuka, magoti huacha kuuma, na usingizi huwajia. Lakini uzito ukipungua upesi hayaondoki mafuta peke yake. Misuli nayo hupungua. Kwa hiyo waganga huwahimiza wafanye mazoezi, na huko ndiko wakutanako na makopo ya unga yenye picha za mashujaa, na rafiki wa kuwaambia, "Kunywa hiki, mimi kimenifaa." Twapenda vijana na wazee wao wajue ya kuwa kilichomfaa mwenye tumbo zima si lazima kimfae mwenye tumbo lililokatwa.

Upasuaji huo una namna mbili zijulikanazo zaidi. Moja ni kuondoa kadiri ya sehemu nne katika tano za tumbo la chakula, likabaki mfano wa mrija. Ya pili, ambayo asili yake ni kazi ya Dakta Edward Mason na Dakta Chikashi Ito huko Iowa, Marekani, mwaka 1966, ni kufanya kifuko kidogo cha tumbo na kukiunga na utumbo wa mbele, chakula kikaipita sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Nayo sehemu hiyo ipitwayo ndiyo ifyonzayo sana madini ya chuma na kalisi.

Unga wa protini hatuukatazi. Mtu huyu aghlabu huambiwa apate gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na kipande kikubwa cha nyama hakimwingii. Kipimo kimoja cha unga utokanao na maziwa huweza kumpa gramu 20 au zaidi. Ila atazame sukari iliyotiwa humo, kwani ikimiminika utumboni kwa ghafla huleta jasho, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kuharisha. Na unga wa kolajeni, uliovuma sana siku hizi, usitegemewe peke yake. Umekosa triptofani, ambayo mwili hauwezi kujitengenezea.

Ama unga wa kutia nguvu kabla ya mazoezi, huo twaona ni heri auache. Kafeini yake huwa nyingi, na tumbo dogo laweza kupata vidonda. Kriatini si sumu, lakini huweza kupandisha kipimo cha damu kitumiwacho kupima figo, basi mganga aambiwe kabla hajapima. Tena mtu asidhani kila kilichomo dukani kimekwisha kuchunguzwa: kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, bidhaa hizi huuzwa bila ya serikali kuzithibitisha kwanza.

Linalotusikitisha zaidi ni mtu kutoa fedha nyingi kwa kopo, na vitamini alizoandikiwa hospitali akaziacha kwa kuwa ajiona mzima. Upungufu wa B12 huja polepole, pengine baada ya miaka, ukaleta ganzi ya miguu na udhaifu wa damu. Upungufu wa B1 haungoji hivyo: mwenye kutapika siku kadha wa kadha aweza kudhurika ubongo katika majuma machache, basi apelekwe hospitali, asipewe unga. Kalisi na chuma visimezwe pamoja. Vipishane kwa saa mbili.

Wa nyumbani nao wasome maandishi ya chupa. Kapsuli nyingi hufanywa kwa jelatini, na jelatini huweza kuwa ya nguruwe. Ziko za mimea, ziulizwe dukani.

Na Ramadhani ikifika, aliyepasuliwa karibuni amwulize mganga wake kabla ya kufunga, kwani maji huyanywa kwa mafunda madogo, na saa za usiku huenda zisimtoshe. Aliyeruhusiwa, mazoezi mazito ayaweke baada ya futari, na protini yake aigawe baina ya futari na daku, wala asiinywe yote kwa mara moja.