Mzee wa Nyaya si jasusi: redio ya ridhaa na wazee wageni wa pwani yetu

Ukipita nyuma ya nyumba za upande wa Casuarina hapa Malindi, kuna mahali utaona minazi miwili imeunganishwa kwa waya mwembamba, juu kabisa. Si waya wa kuanikia nguo, na si wa stima. Naujua vizuri kwa sababu niliufunga mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi wa stima. Kwa miaka kadhaa sasa namhudumia mzee mmoja Mwitaliano, mjane, aliyestaafu na kuhamia huku. Jina lake silitaji, hapendi. Mtaani wanamwita Mzee wa Nyaya. Hilo ni jina la heshima, kwa maana kuna wanaosema ni jasusi, wengine kwamba nyaya zake zinafukuza mvua, na jirani mmoja alishika kabisa kuwa ndizo zilizomharibia runinga. Juzi kijana wa boda boda kaniuliza wazi: "Fundi, yule mzungu huzungumza na nani usiku?" Nikaona heri nilijibu swali hili hadharani, maana jibu lake linatuhusu sisi pia.

Redio ya ridhaa ni kitu gani

Tunajua ngumi za ridhaa: mtu hupigana kwa mapenzi ya mchezo, si kwa pesa. Redio ya ridhaa ni vivyo hivyo. Mtu ana mtambo wake nyumbani, anazungumza na wenzake wa nchi nyingine kwa sauti au kwa alama za Morse, wala hakuna anayelipwa. Haruhusiwi kufanya biashara hewani, kupiga muziki, wala kutangazia watu kama stesheni.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: kanuni za kimataifa za redio zinakataza wanaridhaa kuficha maana ya mazungumzo yao kwa lugha ya siri. Kila neno lazima liwe wazi, na yeyote mwenye redio ya kunasa masafa hayo anaweza kusikiliza. Jasusi wa kazi gani huyo, anayesema kila kitu mbele ya dunia na kuanza kwa kujitambulisha?

Na kujitambulisha ni sharti. Kila kituo kina jina lake la herufi na tarakimu, na mwanzo wake unaonyesha nchi. Vya Kenya huanza na 5Z, vya Tanzania 5H, vya Uganda 5X, vya Italia herufi I. Kabla ya uhuru Kenya ilikuwa VQ4 na Zanzibar VQ1. Hapa kwetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Leseni ya mzee imetundikwa ukutani karibu na mtambo, na yeyote anayeingia chumba kile huiona kabla hajakaa.

Kuhusu runinga ya jirani, sitamtetea mzee kwa uongo. Mtambo wa redio unaweza kweli kutia mikwaruzo kwenye vyombo vya karibu kama haukufungwa sawasawa. Nilikwenda nikaangalia. Tulitengeneza waya wa ardhini upande wa mzee, tukabadilisha kebo mbovu upande wa jirani, na malalamiko yakaisha.

Kwa nini hapa Malindi

Waitaliano walianza kutuzoea tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia roketi baharini kule Ngomeni. Wazee wetu walikiita San Marco, na leo kinabeba jina la Luigi Broglio, mhandisi aliyekianzisha. Roketi ya kwanza kupeleka satelaiti kutoka pale iliruka Aprili 1967, na ya mwisho Machi 1988. Tarehe 12 Disemba 1970 iliruka satelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu, iliitwa Uhuru.

Mzee huipenda sana tarehe hiyo. Tarehe 12 Disemba 1901 Mwitaliano mwenzake, Guglielmo Marconi, kwa maelezo yake mwenyewe, alipokea ishara ya redio iliyovuka bahari ya Atlantiki. Tarehe 12 Disemba 1961 ndipo satelaiti ya kwanza ya wanaridhaa, OSCAR 1, ilipoingia angani. Miaka miwili baadaye, siku iyo hiyo, Kenya ikapata uhuru. Kila Jamhuri Dei mzee hunialika chai, na kila mwaka hunihesabia tarehe hizo upya kana kwamba sijawahi kuzisikia.

Wazee kama yeye wengi wanaishi kwa kibali cha daraja K. Hicho ni cha mtu wa miaka 35 au zaidi mwenye mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka, na haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara. Watu huona pensheni, nyumba na bustani, wakasema huyu ameshinda maisha. Lakini fikiria siku ya mtu asiyeruhusiwa kufanya kazi, mke amefariki, watoto wako ng'ambo, na Kiswahili chake kinaishia kwenye bei ya samaki na habari za asubuhi. Siku hiyo ni ndefu.

Sauti hufikaje Roma bila waya

Hapa ndipo kijana wa boda boda alipokataa kuniamini. Kutoka Malindi hadi Roma ni zaidi ya kilomita 5,500, na waya wa mzee hauzidi mita 10 na kidogo. Inawezekanaje?

Juu ya vichwa vyetu, kuanzia kama kilomita 60 hadi mamia ya kilomita, kuna tabaka za hewa nyembamba ambazo jua huzichaji kwa umeme. Wataalamu huziita ionosfera. Mawimbi ya redio ya masafa mafupi yakifika huko hupindishwa na kurudi chini, yakagonga bahari au ardhi, yakapanda tena. Ni kama kijiwe bapa unachokirusha juu ya maji kikaruka-ruka. Kufika Italia yanahitaji miruko miwili au zaidi. Maji ya chumvi huyarudisha mawimbi vizuri kuliko nchi kavu, kwa hiyo aliye ufukweni ana bahati.

Kwa kuwa kazi yote ni ya jua, mwanaridhaa hulifuata jua kama mvuvi anavyofuata kusi na kaskazi. Mchana masafa ya juu hufunguka, usiku hufunga na ya chini huamka. Kuna pia msimu mkubwa wa takriban miaka 11, ambapo madoa ya jua huongezeka na kupungua. Msimu wa sasa ulianza Disemba 2019 na kufikia kilele chake karibu na mwaka 2024. Miaka ya kilele mzee huchangamka. Madoa yakipungua hununa kama mvuvi wa Mayungu aliyerudi na ngalawa tupu.

Siku yake ilivyo

Asubuhi huanza kwa kupigana na chumvi. Hewa yetu ya bahari hula shaba na chuma, na kiungo cha waya nilichokifunga leo, baada ya miezi michache kinageuka kijani. Kazi yangu kubwa pale ni kupanda, kusugua, kupaka grisi na kufunga upya. Masika yakija tunachomoa kila kitu, kwa sababu radi haibagui waya wa mwenye leseni.

Stima ikipotea mzee hasumbuki. Mtambo wake unatumia volti 12 na kidogo, kwa hiyo betri kama ya gari na sola moja juu ya bati vinatosha kuzungumza.

Mezani ana saa tatu. Moja ni ya hapa, moja ya Italia, na ya tatu ni ile ya kimataifa wanayoitumia wanaridhaa wote kuandika kumbukumbu zao. Kwa hii ya tatu nilimfundisha hila ambayo wazungu hawana. Chukua saa ya mchana kwa Kiswahili, ongeza tatu. Saa tatu asubuhi ni 06:00 kwa saa ya kimataifa, na saa kumi na mbili jioni ni 15:00. Alicheka sana, akaiandika kwenye daftari.

Hiyo saa kumi na mbili jioni ndiyo muhimu. Ndipo wenzake, karibu wote wazee, hukutana hewani. Mmoja wao huko kaskazini mwa Italia hushika daftari na kuita vituo kimoja kimoja. Kila mtu huitika, hutaja hali ya hewa, magoti yanavyouma na mjukuu aliyezaliwa. Nilipoanza kusikiliza niliona ni porojo tupu. Nilifikiri watu wanaotumia mitambo ya pesa nyingi hivyo wangekuwa na la maana zaidi la kusema.

Jioni ambayo hakuitika

Ilikuwa siku ya mapumziko ya dada anayemsaidia kazi za nyumbani. Nilikuwa Maweni nikifunga taa za duka, simu ikaingia ujumbe kutoka nambari ya nje, kwa Kiingereza cha kuungaunga. Alikuwa yule mwenye daftari. Aliandika kwamba rafiki yangu ameitwa mara tatu na hajajibu, na hajawahi kukosa bila kuaga. Nambari yangu mzee alikuwa amempa zamani, kwa dharura.

Nilichukua boda boda. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, ikabidi nipitie dirisha la jikoni. Nilimkuta sakafuni bafuni, nyonga imevunjika, ameanguka tangu adhuhuri. Simu yake ilikuwa chumbani, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kuita. Neno la kwanza aliloniambia si "nisaidie". Aliniuliza, "Fundi, saa ngapi?" Nilipomwambia ni saa moja kasoro, akafumba macho akasema, "Basi wameniita."

Alilazwa kwa wiki kadhaa, akarudi na mkongojo. Daktari alisema angelala pale hadi asubuhi, pengine tungekuwa tunazungumza mengine.

Sisi tuna msemo: asiyekuwapo na lake halipo. Kwenye daftari la wale wazee ni kinyume. Asiyekuwapo ndiye anayetafutwa. Mmoja wao akifariki hawasemi amekufa, husema kigongeo chake kimenyamaza, yaani kile kidude cha kugongea alama za Morse. Jioni hiyo huita jina lake mara ya mwisho, wakangoja kimya kidogo, kisha wakaendelea na anayefuata.

Nami nikajiuliza swali lililoniuma. Mimi niko dakika kumi kutoka kwake, na majirani wako ukuta kwa ukuta. Ilikuwaje mtu aliye kilomita elfu tano na zaidi ndiye aliyegundua kwamba mzee hayupo?

Linatuhusu vipi

Kwanza, linatuhusu kama majirani. Redio ilimkosa, simu ikaleta habari, boda boda ikanifikisha. Kila kimoja kilikuwa na kazi yake, lakini cha mwanzo kilikuwa mtu kuhesabu watu wake kila siku. Hilo halihitaji waya wala leseni. Siku hizi dada wa kazi, mlinzi wa jirani na mimi tumegawana zamu. Kila asubuhi lazima mmoja wetu apige hodi na asikie sauti. Tumeongeza pia bibi mmoja Mgiriama wa nyumba ya tatu ambaye wanawe wote wako Nairobi. Upweke hauchagui pasipoti.

Pili, ufundi wenyewe tunauhitaji. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili kubwa za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja, na mtandao ukazorota Kenya na kwa majirani zetu. Tarehe 26 Disemba 2004, tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman huko India, wanaridhaa waliokuwa pale kwa starehe yao ya redio waligeuka njia ya mawasiliano ya watu waliokatika na dunia. Bahari ile ile ndiyo hii yetu, na mawimbi yale yalifika hadi fukwe hizi siku hiyo hiyo. Tukipatwa, nani Kilifi nzima atakuwa na betri, waya na ujuzi wa kuita msaada? Kwa sasa wengi ninaowafahamu ni wazee wa ng'ambo, na vigongeo vyao vinanyamaza kimoja kimoja.

Kijana anayetaka kuanza aanze kwa kusikiliza. Redio ndogo ya masafa mafupi na mita kadhaa za waya juu ya mnazi zinatosha. Kuna kituo cha ishara cha hapa Kenya, 5Z4B, kilichowekwa katika mtandao wa vituo 18 duniani, kila kimoja hurusha kwa sekunde 10 na zamu kuzunguka kila dakika tatu. Humo utajua jua limefungua njia ya kwenda wapi. Ukinogewa, watafute Amateur Radio Society of Kenya, na uombe leseni kabla hujabonyeza kitufe cha kurusha. Bila leseni ni kosa.

Mimi mwenyewe nasomea yangu. Mzee hunisahihisha Morse kwa kugonga mezani na mkongojo wake. Na ukipita Casuarina saa kumi na mbili jioni ukasikia mtu akirudia herufi na tarakimu kwa sauti kubwa, usiogope. Ni mzee mmoja anaitika jina lake.