Kifua cha baba na kifua cha mama

Baba anashuka shimoni kule Kalima kuchimba kasiterite, anabeba mfuko mzito, tunasema: huyu ndiye mwenye nguvu. Lakini kwa tuberkulozi, mambo ni mengine. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa wa mwaka 2023: katika kila 100, wanaume walikuwa 55, wanawake 33, watoto 12. Sababu gani?

Kwanza ni kazi. Vumbi la mawe linaharibu mapafu, na shimoni watu wengi wanapumua hewa moja. Ongeza tumbako na pombe.

Pili, iko sababu ndani ya mwili wenyewe. Mwili una askari wake wa kupigana na mikrobi. Homoni ya kike, estrojeni, mara nyingi inawaamsha. Testosteroni ya kiume inawapunguzia ukali. Tena mwanamke ana kromosomu X mbili, mwanaume moja tu, na humo mna jeni nyingi za ulinzi. Basi nguvu ya kubeba mfuko si nguvu ya kushinda mikrobi.

Wamama, msijisifu: tuberkulozi inawaua ninyi pia, na Ukimwi unavunja ulinzi wa wote.

Baba, kikohozi kikipita wiki mbili, usiseme ni vumbi tu, ao nimelogwa. Peleka makohozi kwenye kituo cha afya. Dawa ni bure, kwa kawaida miezi 6. Usiziache mwezi wa pili kwa kuwa umepata nafuu. Mama, vijana, msimwache aende peke yake.