Matembezi ya pamba: Simiyu ina hadithi, nani atakata risiti?

Utalii wa Tanzania umejengwa juu ya magurudumu. Mgeni analipia gari lenye paa la kufunguka, dizeli, ada ya lango na kitanda cha hoteli, na kwa mfumo huo nchi ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1 mwaka 2024. Mkoa wa Simiyu unapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, una Pori la Akiba la Maswa na lile la Kijereshi, na bado wageni wengi hupita pembeni yake bila kununua hata chupa ya maji. Wanaosimama husimama Lamadi, wilayani Busega, kwa sababu lango la Ndabaka liko jirani na barabara ya Mwanza–Musoma inapita hapo. Kilometa 72 hivi za lami kutoka Lamadi hadi Bariadi, makao makuu ya mkoa, hawazigusi.

Ipo bidhaa moja ya utalii isiyohitaji gari, wala mkopo wa benki, wala kibali cha kujenga: mtu anayeujua mtaa wake akitembea na wageni kwa saa mbili huku akisimulia. Duniani ni biashara kubwa. Simiyu haijaipangia bei.

Tuanze mbali, mahali ambapo biashara hii imekomaa hadi imeanza kuoza pembeni. Katika jiji la Kraków, Poland, kuna mtaa wa Kazimierz, ambako Wayahudi waliishi kwa karne nyingi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili jiji hilo lilikuwa na Wayahudi zaidi ya 60,000. Wengi wao waliuawa na Wanazi, na mtaa ukabaki magofu na wapangaji wapya. Mwaka 1993 ikatoka filamu ya Steven Spielberg, Schindler's List, iliyopigwa sehemu yake mitaani humo. Baada ya hapo wageni walianza kuja na viatu vya kutembelea, na leo vikundi vinapishana kutoka sinagogi moja hadi jingine, kila kimoja kikifuata mwavuli wa rangi yake. Prague nako, mtaa wa Josefov ulibomolewa karibu wote kuanzia 1893, yakasalia masinagogi machache na makaburi. Mabaki hayo yanaliingizia jiji fedha kila siku ya juma, isipokuwa Jumamosi ya Sabato.

Hesabu za biashara hiyo zinafaa kusomwa kwa makini kabla ya mtu kuiga. Miji mingi ya Ulaya ina kinachoitwa matembezi ya bure: mgeni halipi chochote mwanzoni, mwishoni anatoa bakshishi anayoona inafaa. Nyuma ya pazia, mara nyingi mwongozaji anadaiwa na kampuni iliyomletea wageni, kwa kila kichwa kilichohesabiwa pale mwanzo. Kundi bahili likimwangukia, anarudi nyumbani akiwa amefanya kazi kwa hasara. Kampuni haipotezi kitu. Mwenye mgahawa aliyebandika herufi za Kiebrania mlangoni naye hapotezi. Na wale ambao hadithi ni yao, Kraków wamebaki wachache mno kudai fungu lao.

Afrika Mashariki ina mfano ulio tofauti, nao uko karibu na Mbale, Uganda. Semei Kakungulu, jemadari aliyewatumikia Waganda na Waingereza kabla ya kukorofishana nao, alijitangaza Myahudi yeye na wafuasi wake mwaka 1919. Jamii hiyo inaitwa Abayudaya. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Wengi waliacha, wachache wakaendelea kwa siri. Siku hizi kilima cha Nabugoye kina sinagogi, shule na mahali pa wageni kulala, na watu hutoka Marekani na Israel kuja kutembezwa na wenyeji wenyewe. Lenye uzito kwa ukurasa huu ni la mwaka 2004: Wayahudi, Wakristo na Waislamu wa eneo hilo waliunda ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, na kahawa yao ikapata mnunuzi California. Hadithi ilifungua soko la zao. Mgeni akiondoka kilimani anabaki na sababu ya kununua kahawa ile ile mwaka unaofuata.

Hapo ndipo Simiyu inapoingia, kwa kuwa Simiyu ni pamba.

Mkoa huu, uliozaliwa rasmi 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, hutoa karibu nusu ya pamba ya Tanzania, na misimu mingine zaidi. Wakazi wa Bariadi, Wasukuma wanaoitwa Wanyantuzu, wameishi na zao hili vizazi kadhaa, na historia yake ina misukosuko kuliko tamthilia nyingi za televisheni. Enzi za ukoloni, ununuzi na viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi. Malalamiko ya wakulima wa Kanda ya Ziwa yalikuwa ya mizani: unapeleka kilo kadhaa, unalipwa pungufu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wasimame kando ya mizani ya mnunuzi, wahakikishe. Kutokana na vuguvugu hilo, Paul Bomani na wenzake wakaunda Victoria Federation mwaka 1955, ushirika uliokuja kuhesabiwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kabisa barani Afrika na uliomiliki viwanda vyake wenyewe.

Kisha gurudumu likazunguka. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Wahindi, yakawa nyumba za Msajili wa Majumba. Katika miji mikubwa na midogo familia nyingi za wafanyabiashara zikafungasha. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Vikarudi miaka ya 1980. Mwaka 1994 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mwaka 2018 serikali ikaagiza pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS, na mkulima akajikuta tena mbele ya mizani ya ushirika, mahali alipokuwa babu yake.

Hiyo ndiyo hadithi ya kutembea nayo, na vituo vyake havihitaji kujengwa. Kuna ghala la chama cha msingi, mahali ambapo pamba safi hutengwa na pamba fifi na bei hutofautiana. Kuna kiwanda cha kuchambua pamba: robo tatu ya saa ndani yake inamtosha mgeni kuona jinsi kilo tatu za pamba mbegu zinavyotoa takriban kilo moja ya nyuzi, zinazofungwa marobota, na mbegu zinazobaki zikaenda kukamuliwa mafuta na mashudu ya ng'ombe. Kuna mtaa wa maduka, na kila mji wa pamba Usukumani una wazee wanaokumbuka nani aliuza kanga wapi. Na kuna mama lishe mwenye michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ambaye nisingemwacha nje ya ratiba hata kwa bahati mbaya, kwa sababu yeye ndiye atakayeleta wageni wa pili.

Kalenda nayo inasaidia kuliko wengi wanavyofikiri. Msimu wa ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei. Kati ya Mei na Julai makundi ya nyumbu huwa ukanda wa magharibi wa Serengeti, upande wa lango la Ndabaka. Juni msimu mkubwa wa watalii unaanza. Na kipindi hicho hicho, mavuno yakiwa yameuzwa na fedha ziko mikononi, Wasukuma hucheza ngoma. Mashindano ya Bagika na Bagalu yana kanuni ambayo kila mfanyabiashara ataipenda: vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na kinachovuta watazamaji wengi zaidi ndicho mshindi. Bagoyangi huleta nyoka, wa bugobogobo huleta majembe. Mwanza wanalijua hili siku nyingi. Makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada, yanauza utamaduni huu tangu miaka ya 1960, na sherehe yao ya Bulabo kila Juni hujaza uwanja. Mnunuzi wa Bujora ndiye huyo huyo anayepita Lamadi siku inayofuata.

Tuweke hesabu mezani, kwa mfano tu. Kundi la watu 6, kila mmoja Sh25,000, ni Sh150,000. Mwongozaji achukue 40,000, kiwanda na chama cha msingi 30,000, chakula 48,000, mfuko wa kijiji au mtaa 20,000, zibaki 12,000 za simu na matangazo. Katika msimu wa 2023 bei elekezi ya pamba ilikuwa Sh1,060 kwa kilo. Kwa bei hiyo, saa mbili za matembezi ni sawa na kilo 141 za pamba mbegu, kiasi ambacho wakulima wengi wadogo hukipata kwenye kama nusu ekari, baada ya kulima, kupalilia na kupulizia dawa kwa miezi. Wageni hawatakuja kila siku, hilo linajulikana. Ila bei yao, tofauti na ya pamba, haipangwi New York wala Liverpool.

Mgawanyo huo sijauokota hewani. Mpango wa utalii wa utamaduni ulianza Arusha katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Kiholanzi SNV, kisha ukawa chini ya Bodi ya Utalii Tanzania. Vijiji kama Ng'iresi na Mto wa Mbu vilijifunza kutenganisha malipo ya mwongozaji na fungu la maendeleo ya kijiji, na mgeni anaona kwenye risiti kipi kimeenda wapi. Mto wa Mbu ulinufaika na jambo moja ambalo Bariadi haina: magari ya Ngorongoro yanayotoka Arusha yanapita katikati yake.

Kwa hiyo nina shaka na wazo la kuanzia Bariadi mjini, ingawa ndiko ziliko ofisi na ndiko wapenda mikutano watataka uzinduzi ufanyike. Matembezi ya wageni wa nje yaanzie Lamadi, palipo na vitanda, dagaa na sangara wa ziwani, na mashamba ya pamba yanayoonekana kutoka barabarani. Ya pili yaanzie Malampaka, wilayani Maswa. Reli ya Tabora hadi Mwanza iliyokamilika 1928 ina kituo pale, na pamba ya mashariki mwa Usukuma ilipakiwa humo miaka mingi. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilometa 341, iliyowekewa jiwe la msingi Juni 2021, nayo inapita Malampaka. Mji wenye stesheni mbili za zama mbili una kitu cha kuonyesha.

Bariadi ina soko jingine, na huenda ndilo la kwanza kulipa: Watanzania. Maonesho ya Nanenane yalifanyika kitaifa Nyakabindi, nje kidogo ya mji, kwa miaka mitatu mfululizo kuanzia 2018, na mji ulijifunza kulaza na kulisha umati. Kila wiki kuna semina. Wajumbe hutoka saa kumi jioni wakiwa na posho mfukoni na pa kwenda hawana zaidi ya nyama choma. Matembezi ya Sh10,000, yanayoishia hapo hapo kwenye nyama choma, hayahitaji tangazo la Kiingereza wala tovuti. Yanahitaji namba ya malipo ya simu na kijana asiyekosa kufika.

Ugumu uko wapi? Kwanza vibali: kuongoza watalii ni kazi yenye leseni chini ya Sheria ya Utalii ya 2008, na kijana wa Busega hawezi kuipata kwa kusifiwa tu kwamba anajua kusimulia. Pili kiwanda: vumbi la nyuzi na mikanda inayozunguka si mahali pa kupitisha watu ovyo, na mmiliki ana haki ya kudai barakoa, mstari wa kupita na mtu wa kuwajibika. Tatu, na hapa ndipo fedha nyingi zitakapopotea, ni nani anashika nafasi za wageni. Mgeni wa Lamadi amelipia safari yake yote kwa wakala wa Arusha au Mwanza kabla ya kupanda ndege. Wakala asipoliweka tembezi kwenye ratiba, dereva hasimami. Akiliweka, atataka kamisheni, na asipobanwa na mkataba atakuwa ndiye mnunuzi mpya mwenye mizani yake. Zanzibar wanaijua kesi hii: Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, waongozaji wake ni wengi na hodari, na bado kijana anayesubiri wageni Forodhani hupata sehemu ndogo ya kile mgeni alicholipa hotelini kwa tembezi lile lile.

Vyama vya msingi vina faida moja hapa ambayo waongozaji wa Zanzibar hawana. Vimesajiliwa, vina akaunti za benki, vina makatibu wanaojua kuandika stakabadhi, na vina ghala linalokaa tupu nusu ya mwaka. Chama kinachoweza kupokea tani za pamba na kulipa mamia ya wakulima kinaweza kupokea wageni 6 na kulipa watu wanne. Mkutano mkuu wa wanachama ukipitisha bei ya tembezi kama unavyojadili makato ya pamba, wakala wa Mwanza atakuta karatasi yenye muhuri na bei moja kwa wote, badala ya kijana mmoja mmoja wa kupatana naye barabarani. Mikutano hiyo ikifanyika kabla ya Mei, msimu wa mizani na msimu wa wageni itafunguliwa pamoja.