Nguvu za Mcheza Judo na Mgongo wa Kijana Wako

Ukipita vijijini kwetu jioni utaona vijana wamejaza saruji katika makopo mawili ya rangi, wameyaunganisha kwa bomba, na wananyanyua. Wazazi hufurahi, maana kijana wa namna hiyo hayuko kilabuni. Lakini baadhi yao huletwa hospitalini wameshika kiuno, na ukiuliza nani aliwafundisha, hujibu kwamba waliona wenzao.

Wacheza judo nao wanahitaji nguvu nyingi. Je, walimu wao hufanyaje? Mchezo huu ulianzishwa Japani mwaka 1882 na Jigoro Kano, mtu mwenye umbo dogo. Zanzibar ulifundishwa na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2024 Mtanzania Andrew Thomas Mlugu alishiriki Olimpiki ya Paris katika kundi la kilo 73.

Kabla ya kuangusha, mwanafunzi hufundishwa kuanguka: kidevu kifuani, kichwa kisiguse chini, mkono upige mkeka ili mshindo utawanyike. Mwalimu asiyeanzia hapo, msimkabidhi mtoto. Kisha hujengwa nguvu kwa uzito wa mwili wenyewe: kuchuchumaa na kuinuka, kujivuta juu, kupanda kamba. Vyuma huja baadaye, vyepesi kwanza, mgongo umenyooka, kazi ikifanywa na mapaja. Viganja navyo hupewa mazoezi yake, kwa sababu judo ni kushika vazi la mwenzako asikuponyoke. Wengine hutundika vazi hilo juu na kujivuta nalo. Mvuvi wa Suguti aliyezoea kuvuta nyavu za sangara angecheka kuona hayo yanaitwa mazoezi!

Pambano la wakubwa ni dakika 4, nalo huenda kwa vishindo: sekunde 20 au 30 za kuvutana kwa nguvu zote, mwamuzi husimamisha kidogo, wanaanza tena. Kwa hiyo kocha hodari hamkimbizi mchezaji masafa marefu kila siku. Humkimbiza kasi kupanda kilima kwa muda mfupi, apumzike, arudie. Mashindano yakikaribia hupunguza kazi, kwa kuwa misuli hujijenga mtu anapopumzika na kulala.

Jambo moja la judo lisiigwe. Kwa sababu watu hushindana kwa makundi ya uzito, wapo wanaojinyima maji na kujitoa jasho ili wapungue haraka. Mwaka 1996 mcheza judo mmoja wa Korea Kusini alifariki akijitahidi kupunguza uzito. Siku hizi, katika mashindano ya kimataifa, baadhi ya wachezaji hupimwa tena asubuhi ya mashindano bila kutarajia, na hawaruhusiwi kuzidi kikomo chao kwa zaidi ya asilimia 5.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu nyingine ya kuogopa kiu. Ugonjwa wa selimundu ni mwingi kwetu. Mtoto mwenye selimundu akichoshwa juani bila maji, chembe zake za damu hujikunja na kuziba mishipa midogo, na maumivu yake hayasimuliki. Malaria, kichocho na minyoo pia hupunguza damu. Mama, kabla mwanao hajaanza mazoezi mazito, mlete apimwe damu, na ukiambiwa ana selimundu mweleze kocha waziwazi, si aibu. Mpe maji ya kunywa aende nayo. Chakula? Ugali, dagaa, maharage na mboga za majani vinatosha. Unga wa kopo unaouzwa ghali dukani hauhitajiki.

Kiuno kikiuma baada ya kunyanyua, aache vyuma mpaka kipone. Maumivu yakishuka mguuni hadi chini ya goti, mguu ukifa ganzi au kulegea, au akishindwa kukojoa, mleteni hospitalini siku hiyo hiyo, msisubiri gari la kesho.