Mbalanga si Ukoma: Kuudhibiti na Kuutibu Ugonjwa wa Mabaka Meupe

Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta istilahi ya ugonjwa uitwao vitiligo hukumbana na maneno mawili: mbalanga na barasi. La pili, lenye asili ya Kiarabu, limewahi kutumiwa kwa maana ya ukoma pia, na mkanganyiko huo hauishii katika kamusi. Humfanya mtu asiyeweza kumwambukiza yeyote atengwe na jamaa zake.

Tofauti ni bayana. Baka la ukoma hufifia tu wala haliwi jeupe kabisa, na aghalabu hufa ganzi. Baka la mbalanga huwa jeupe pe, na hisi zake hubaki timamu. Isitoshe, ukoma huletwa na bakteria, ilhali katika mbalanga kinga ya mwili ndiyo huziangamiza seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi.

Kimsingi, tiba ina hatua mbili. Kwanza ni kuuzuia ugonjwa usienee. Mabaka yakizidi kwa kasi, daktari wa ngozi huweza kutoa vidonge vya steroidi vinavyomezwa siku mbili mfululizo kila wiki, kwa miezi michache, ili kuituliza kinga. Mgonjwa naye ajihadhari na michubuko, mishipi inayobana na kusuguasugua ngozi, kwani baka jipya huweza kuzuka papo hapo palipoumia. Kujipaka dawa kali za vichochoroni zinazobabua ngozi ni kupalia makaa.

Hatua ya pili ni kuirejesha rangi, nayo hudai subira. Hutumiwa marhamu ya steroidi au ya takrolimasi, pamoja na miale ya urujuanimno ya nanomita 311, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi sita au zaidi. Hapo nauli yaweza kuwa kikwazo kikubwa kuliko dawa! Rangi hurudi hasa kutoka katika mashina ya vinyweleo, ziliko seli za akiba. Ndiyo maana uso huitikia tiba vyema, ilhali ncha za vidole na midomo hukaidi. Kadhalika baka ambalo nywele zake zimekwisha kuwa nyeupe.

Mnamo Julai 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruksolitinibu, ya kwanza nchini humo kuidhinishwa kwa ajili ya kurejesha rangi hiyo, ila bei yake ni ghali mno. Hata rangi ikisharudi, huweza kupotea tena. Kwa hivyo madaktari hushauri takrolimasi iendelee kupakwa mara mbili kwa wiki pale palipopona.