Kompyuta ya Maktaba ni ya Wote: Kanuni za Intaneti na Sababu Zake

Matokeo ya KCSE yanapotangazwa na tovuti ya KUCCPS kufunguliwa, vijana hujaa kila mahali penye kompyuta na intaneti mjini Kitale na Bungoma. Mwezi wa Juni huwa na pilkapilka zake pia, kwa kuwa tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru wa mapato kwa KRA. Kati ya misimu hiyo wapo wanaoomba mkopo wa HELB, walimu wanaofuatilia matangazo ya TSC, madereva wenye shughuli na NTSA, na wakulima wanaotaka kujua bei ya mahindi kabla ya kufunga magunia.

Kwa mkaazi asiye na kompyuta nyumbani, au asiyetaka kulipia saiba kila mara, maktaba ya umma ni msaada mkubwa. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kwa hivyo maktaba ni mali yako kama ilivyo barabara ya kijijini au zahanati. Mkaazi wa Kiminini anaweza kuwa Kitale leo na Bungoma kesho. Saa za kufungua na muda wa kutumia mashine huenda zikatofautiana kati ya maktaba moja na nyingine, kwa hivyo soma tangazo lililo kwenye meza ya mkutubi. Kanuni za msingi, hata hivyo, zinafanana.

Watu wengi hutia sahihi kanuni hizo bila kuzisoma, wakidhani zimewekwa ili kuwabana. Ukizichunguza utaona kwamba karibu zote zinatokana na jambo moja: kompyuta hiyo ni ya watu wengi. Utakachokiacha juu yake kitakutwa na atakayekaa baada yako, na utakachokitumia kupita kiasi kitampunguzia aliye kando yako.

Funga akaunti kabla ya kuinuka

Hii ndiyo kanuni inayopuuzwa zaidi, na ndiyo yenye hasara kubwa zaidi. Chukua mfano wa mwanafunzi aliyechagua kozi zake KUCCPS, akafunga dirisha tu na kwenda zake. Kufunga dirisha si kutoka kwenye akaunti. Mtu anayefuata akifungua tovuti ile ile, anaweza kukuta ukurasa ungali wazi na uchaguzi wa kozi uko mikononi mwake. Mwenye akaunti huenda asijue chochote hadi siku ya kuitwa chuoni.

Fanya hivi kila mara:

1. Bonyeza kitufe cha kutoka kwenye akaunti, katika kila tovuti uliyoingia: eCitizen, iTax, HELB, barua pepe na mitandao ya kijamii.
2. Kompyuta ikikuuliza kama ihifadhi nenosiri lako, kataa. Kukubali ni kumwachia ufunguo mtu usiyemjua.
3. Tumia dirisha la faragha la kivinjari ikiwa lipo. Ukilifunga, halibaki na kumbukumbu ya kurasa ulizotembelea. Lakini fahamu kwamba haliondoi faili ulizopakua. Hizo lazima uzifute mwenyewe.
4. Futa faili zako kwenye folda ya vilivyopakuliwa, kisha umwage pipa la takataka la kompyuta.
5. Ikiwa ulifungua WhatsApp kwenye kompyuta, angalia simu yako, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na uiondoe kompyuta hiyo. Usipofanya hivyo, jumbe zako zinaweza kuendelea kusomwa maktabani huku wewe uko kwenye matatu.

Je, umefika nyumbani ndipo ukakumbuka? Bado kuna nafasi. Ukiwa na simu, ingia katika mipangilio ya usalama ya barua pepe yako, tazama orodha ya vifaa vilivyoingia, na ukitoe kile cha maktaba. Kisha badilisha nenosiri.

Na ukikuta akaunti ya mwenzako iko wazi? Usisome, usiguse. Itoe, kisha umjulishe mkutubi. Ndivyo ambavyo ungependa utendewe.

Makaratasi na flashi

Wizi mwingi wa taarifa hauhitaji utaalamu wa kompyuta. Mwanafunzi anayeingia KUCCPS kwa mara ya kwanza hutumia nambari yake ya mtihani wa KCSE, mwaka wa mtihani, na nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE. Zote hizo zimeandikwa kwenye makaratasi anayokuja nayo mkononi. Nakala ya cheti ikisahaulika kwenye mashine ya kuchapisha, ni kana kwamba mwenyewe ameacha mlango wazi. Kabla ya kuondoka, tazama mezani, chini ya kibodi na kwenye mashine ya kuchapisha. Nakala iliyoharibika ipasue. Usiitupe ikiwa nzima.

Flashi nayo ina hatari zake. Virusi husafiri kutoka saiba hadi maktaba hadi kompyuta ya shule kupitia kifaa hicho kidogo. Ndiyo maana maktaba inaweza kukutaka umwonyeshe mkutubi flashi yako ikaguliwe kwanza, au ikakataza kabisa kuweka programu mpya kwenye mashine. Usione umedharauliwa. Mashine moja ikiambukizwa, wote wanaoitegemea wiki hiyo wanakosa huduma.

Jambo jingine: kwa shughuli za benki, au kuweka nenosiri jipya la akaunti muhimu, ni salama zaidi kutumia simu yako mwenyewe. Hakuna anayeweza kukuhakikishia asilimia 100 kwamba mashine iliyotumiwa na watu wengi haina programu inayonakili unachokiandika.

Laini moja, watu wengi

Wapo wanaouliza kwa nini maktaba izuie filamu na kupakua faili kubwa, ilhali intaneti ni ya umma. Hebu tupige hesabu. Video ya kiwango cha juu cha picha huhitaji takriban megabiti 5 kwa sekunde. Tuseme maktaba ina laini ya megabiti 20 kwa sekunde. Watu wanne wakitazama filamu kwa wakati mmoja, laini imejaa. Wa tano anayejaribu kutuma fomu ya HELB katika saa ya mwisho ataona duara likizunguka tu, na huenda fomu ikakataa katikati. Fomu yenyewe haihitaji hata sehemu ndogo ya uwezo uliotumiwa na filamu moja.

Hiyo ndiyo sababu ya kupanga zamu na kuweka muda wa kila mtu. Jiandae kabla hujaketi: andika pembeni unachokuja kufanya, beba nambari zako, na hakikisha simu yako ina chaji, kwa kuwa tovuti nyingi hutuma nambari ya kuthibitisha kwa ujumbe mfupi. Mtu aliyejiandaa humaliza haraka na kumpisha mwenzake.

Pale kanuni inapokuwa sheria

Baadhi ya makosa huishia kwa onyo au kunyimwa matumizi ya kompyuta kwa muda. Mengine ni jinai. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inatumika maktabani kama inavyotumika kwingine kote nchini. Haya ni machache yanayoweza kumhusu mtumiaji wa kawaida:

- Kuvunja ulinzi wa mfumo wa kompyuta ili kuingia bila idhini: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.
- Kutumia kwa udanganyifu nenosiri au utambulisho wa mtu mwingine: faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.
- Kuunda tovuti au kutuma ujumbe wa kuwahadaa watu ili watoe taarifa zao za siri: faini isiyozidi shilingi 300,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.
- Kusambaza picha za utupu au za faragha za mtu mwingine: faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili.

Kijana anayemfanyia rafiki yake "mzaha" kwa kuingia katika akaunti yake na kuandika upuzi anaweza kujikuta akijibu kosa la pili katika orodha hii. Mzazi, mweleze mwanao.

Kuhusu vitabu na makala, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya masomo binafsi na utafiti. Kunakili kurasa chache za kusoma nyumbani ni jambo moja. Kupakua kitabu kizima cha kiada bila ruhusa, ukakichapisha na kuwauzia wenzako, ni jambo jingine.

Watoto mbele ya skrini

Maktaba si mahali pa kumwacha mtoto alelewe na kompyuta. Mkutubi ana watu wengi wa kuhudumia na hawezi kutazama kila skrini. Vichujio vya kuzuia tovuti chafu husaidia, lakini havizuii kila kitu, na wakati mwingine huzuia hata kurasa za afya ambazo mwanafunzi anazihitaji. Ikiwa ukurasa wa masomo umezuiwa, mwambie mkutubi. Usitafute njia za kukwepa kichujio.

Mwonye mtoto asitoe jina lake kamili, shule yake, picha wala nambari ya simu kwa mtu waliyekutana mtandaoni. Mhakikishie pia kwamba akikutana na jambo la kumtisha anaweza kukueleza bila kuchapwa. Mtoto anayeogopa kiboko ndiye anayekaa kimya hadi mambo yaharibike. Nambari ya msaada kwa watoto nchini ni 116, na kupiga ni bure.

Tovuti bandia

Walaghai wanajua misimu yetu kama sisi wenyewe. Matokeo yakitoka, huzuka kurasa za kuahidi "kusaidia" kupata kozi. Nafasi za kazi zikitangazwa, hutokea mtu wa kudai ada ya usajili kwenye simu yake binafsi.

Anwani nyingi za taasisi za serikali huishia na .go.ke, kama vile ecitizen.go.ke. Hata hivyo, si zote: wanafunzi huingia KUCCPS kupitia students.kuccps.net, nayo HELB hutumia helb.co.ke. Kwa sababu hiyo andika anwani mwenyewe badala ya kubonyeza kiungo ulichotumiwa, na soma kila herufi. Malipo ya huduma za eCitizen hupitia nambari ya Paybill 222222. Ukitakiwa kutuma pesa kwa nambari ya mtu binafsi, simama na umuulize mkutubi au wahudumu wa Huduma Centre iliyo karibu. Na nambari ya kuthibitisha inayoingia kwenye simu yako usimpe mtu yeyote, hata anayekusaidia kujaza fomu. Iandike mwenyewe.

Wewe pia una haki

Kanuni hazimfungi mtumiaji peke yake. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, ikiwemo ya mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka yeyote anayekusanya taarifa zako akueleze sababu, na asikusanye kuliko anavyohitaji. Ukiombwa jina na nambari ya kitambulisho ili upewe kompyuta, una haki ya kuuliza zitahifadhiwa wapi na kwa nini. Ukiona taarifa zako zimetumiwa vibaya, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Una haki pia ya kusaidiwa bila kudharauliwa. Mzee ambaye hajawahi kushika kipanya na mama aliyekuja na swali la ushuru wana nafasi sawa na mwanafunzi wa chuo. Mkutubi anaweza kukuonyesha pa kubonyeza, lakini hapaswi kujua nenosiri lako wala kukuwekea. Akikuomba ugeuze uso wake kando unapoliandika, anafanya kazi yake vizuri.

Mambo yakiharibika

Ukigundua kwamba akaunti yako imeingiliwa, usisubiri kesho. Badilisha nenosiri ukitumia simu yako au kompyuta nyingine. Wasiliana na taasisi yenye akaunti hiyo. Mjulishe mkutubi siku na saa uliyotumia mashine, na uiambie maktaba ni kompyuta ipi. Ikiwa pesa zimechukuliwa, piga simu kwa kampuni ya simu au benki mara moja, kisha uandikishe taarifa katika kituo cha polisi na upewe nambari ya OB. Hifadhi jumbe na picha za skrini. Ukizifuta umepoteza ushahidi.

Lakini mengi kati ya haya hayafiki huko iwapo dakika 2 za mwisho zitatumika vizuri. Kabla ya kuinuka maktabani, jiulize mambo manne: nimetoka kwenye akaunti zote? Nimefuta faili zangu? Nimechukua flashi? Nimechukua makaratasi yangu yote? Jibu likiwa ndiyo mara nne, mpishe mwenzako kiti.