Kabla ya kupanda kifurushi, kagua waya wa nyumbani

MFANYABIASHARA anayefanyia hesabu zake nyumbani anaamua kupanda kutoka kifurushi cha faiba cha megabiti 100 kwa sekunde hadi cha 200. Analipa, kampuni inafungua kasi mpya, naye anapima kwenye kompyuta ya mezani iliyounganishwa kwa waya. Kipimo kinasoma 94. Anapiga simu kulalamika na kujibiwa kuwa laini haina tatizo. Mara nyingi jibu hilo ni la kweli: kasi imefika kwenye ruta, imekwama kati ya ruta na kompyuta.

Namba hiyo, 94 au 95 isiyopanda wala kushuka, ni dalili inayojulikana na mafundi. Kiwango cha mtandao wa waya kilichopitishwa mwaka 1995 kina ukomo wa megabiti 100 kwa sekunde, na sehemu yake huliwa na anwani na taarifa zinazosafiri pamoja na data. Kiwango cha megabiti 1,000, yaani gigabiti moja, kilipitishwa mwaka 1999. Kompyuta na ruta zinapounganishwa hukubaliana zenyewe kasi ambayo pande zote zinaimudu. Zikikubaliana 100, hakuna kifurushi kitakachovuka hapo.

Hasara yake inahesabika. Ikiwa tofauti ya bei kati ya vifurushi viwili ni Sh 40,000 kwa mwezi, mteja huyo atatoa Sh 480,000 kwa mwaka kwa bidhaa isiyomfikia.

Cha kwanza ni kutazama kasi iliyokubaliwa. Katika kompyuta za Windows, ukurasa wa taarifa za mtandao wa waya huionyesha kama 100/100 au 1000/1000. Ikisoma 100, kompyuta iunganishwe moja kwa moja na ruta kwa waya mfupi mpya. Ikipanda hadi 1000, mkosaji ni waya wa zamani au swichi iliyokuwa katikati. Isipopanda, huenda ni matundu ya ruta au ya kompyuta yenyewe, kwani ruta nyingi za bei ya chini zina matundu ya megabiti 100 tu, hata kama maneno ya kwenye boksi yanataja kasi kubwa zaidi ya Wi-Fi.

Lakini ni waya unaowaponza wengi. Ndani yake mna nyuzi 8 zilizosokotwa katika jozi 4: chungwa, kijani, buluu na kahawia. Kasi ya 100 inahitaji jozi mbili tu, za chungwa na kijani. Gigabiti inahitaji zote nne. Kwa hiyo uzi mmoja wa buluu ukikatika au usipobanwa vizuri kwenye plagi, taa zinawaka, barua pepe zinaingia, na vifaa vingi hushuka kimya kimya hadi 100. Mwenye nyumba anaweza kukaa miaka bila kujua. Wapo pia mafundi wanaookoa waya kwa kugawa jozi hizo nne kati ya kompyuta mbili, au kompyuta na simu. Zamani ilikuwa akili; leo ni kumfunga mteja kwenye kasi ya mwaka 1995.

Jambo jingine ni mali yenyewe. Viwango vya waya wa Kategoria 5e na 6 vinataka shaba tupu, lakini sokoni upo waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Ni mwepesi na wa bei rahisi, ila ukinzani wake wa umeme ni mkubwa na huvunjika upesi ukikunjwa. Ukwangue uzi kwa kisu: ukiona weupe ndani, umeuziwa alumini. Waya halali wa 5e unabeba gigabiti hadi mita 100, umbali unaotosha nyumba nyingi.

Hata hivyo, anayenunua na kuuza hisa tu hana haja ya megabiti 200. Agizo la hisa ni data kidogo mno. Kinachomuumiza ni data inayopotea njiani na kutumwa upya. Amri ya ping kuelekea anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1, inapaswa kujibiwa ndani ya milisekunde moja hivi bila kupoteza hata jibu moja. Majibu yakipotea hapo, tatizo ni la ndani ya nyumba. Yakiwa safi hadi kwenye ruta na mabaya mbele yake, ni zamu ya kampuni. Na mara nyingine tatizo liko baharini: tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania, Kenya na majirani walipunguziwa kasi kwa siku kadhaa, na hakuna plagi ya nyumbani ambayo ingesaidia.

Kwa anayevuta waya mpya, kile kipimo cha fundi chenye taa 8 huonyesha nyuzi zilizokatika, lakini hakitambui alumini wala jozi zilizochanganywa. Afadhali kompyuta iwashwe, isome 1000/1000, faili kubwa lipitishwe, ndipo fundi alipwe.